Mkenya ni Nani?

Uraia haupimwi kwa matamshi. Nasema hivi kwa sababu hapa Asumbi wenzangu wamezoea kuniita "Mtanzania". Mama yangu ni mzaliwa wa hapa. Baba ni Mjaluo wa Rorya, ng'ambo ya mpaka, nami nilizaliwa Tarime huko huko Tanzania. Siku moja rafiki yangu aliniuliza, "Ukifika miaka 18, kitambulisho utapewa kweli?" Nilikosa jibu. Nikaazimia kuisoma Katiba mwenyewe.

Kwanza, kuna uraia wa kuzaliwa. Katiba ya zamani ilimtazama baba tu, ikiwa mtoto kazaliwa nje ya nchi. Mama Mkenya hakuhesabika! Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliondoa ubaguzi huo. Kifungu cha 14 chasema kuwa mtu ni raia ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa nchini au nje. Je, mtoto wa kuokotwa? Akipatikana nchini, aonekane hajafika miaka 8, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huhesabiwa raia wa kuzaliwa.

Pili, kuna uraia wa kuandikishwa, kifungu cha 15. Aliyeoana na Mkenya kwa miaka 7 anaweza kuomba. Hali kadhalika mgeni aliyeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo, akitimiza masharti. Mtoto wa kigeni aliyechukuliwa na Mkenya kisheria awe mwanawe, naye huombewa.

Basi mimi ni Mkenya, tena wa kuzaliwa! Lakini ngoja kidogo, bwana. Kwa upande wa baba, mimi ni Mtanzania vilevile. Kenya huruhusu uraia wa nchi mbili tangu 2010. Tanzania haimruhusu mtu mzima: akitimiza miaka 18 hana budi kuchagua mmoja. Nimebakiza miaka miwili tu.

Wahenga walinena, mkataa kwao ni mtumwa. Je, mwenye kwao kuwili afanyeje? Nilimwuliza nyanya, naye akasema, "Mjukuu wangu, karatasi utachagua. Wazazi hutachagua."

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukisikia mwenzako anaitwa mgeni, usicheke. Uliza kwanza mama yake ni nani.