Kinga ya Mnyama Dhidi ya Mabuu wa Nzi

Mfugaji wa Shinyanga atakuambia kwamba watoto wa mbwa ndio wanaojaa majipu yenye mabuu, ilhali mama yao, anayelala mchangani hapo hapo, hana hata moja. Jambo hilo lina sababu yake mwilini, na mhudumu wa afya anayetibu binadamu atafaidika akiijua.

Nzi mhusika huitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga. Jike hutaga mayai 100 hadi 300 katika mchanga mkavu wa kivulini, hasa wenye harufu ya mkojo au kinyesi, au juu ya nguo zenye unyevu. Baada ya siku 1 hadi 3 mabuu huanguliwa, hungoja joto la mwili lipite karibu, kisha hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Wenyeji wao wa kawaida ni mbwa na panya. Binadamu huingia tu katika mkumbo huo.

Katika shambulio la kwanza, mwili huchelewa. Chembe za ulinzi hulazimika kwanza kuzitambua protini ngeni zinazotoka kwa buu, kuzipeleka kwenye tezi za limfu, na kuandaa jeshi la seli na kingamwili. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na buu huhitaji takribani siku 8 hadi 12 tu kukomaa na kudondoka ardhini awe bundo. Uvimbe, joto na usaha mwepesi tunaouona ni dalili za mapambano yaliyoanza kwa kuchelewa.

Shambulio la baadaye huenda vingine. Katika miaka ya 1920, huko Sierra Leone, D. B. Blacklock na wenzake waliwaambukiza mabuu hawa simbilisi wa maabara, tena na tena. Katika ngozi iliyokwisha kushambuliwa, mabuu wapya walikufa wangali wadogo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba kinga hiyo ilionekana kwanza pale pale mabuu wa awali walipokaa: ngozi yenyewe ndiyo iliyofundishwa.

Kwa hiyo mbwa mzima asiye na jipu si ushahidi kwamba ua ni salama. Mtoto wa mbwa ndiye shahidi wa kuaminika. Kwa upande wa binadamu, watoto wadogo hudhurika zaidi, kwani ngozi yao ni nyembamba na haijawahi kukutana na adui huyo. Mchimbaji mgeni aliyewasili katika kambi ya dhahabu ya Geita, akalala chini na kuanika shati majanini, naye hana kumbukumbu hiyo katika ngozi yake.

Kinga hii isisifiwe kupita kiasi, maana mabuu nao wana hila. Yule wa nzi wa puani mwa kondoo, Oestrus ovis, hutoa vimeng'enya vinavyokatakata kingamwili. Seli nyeupe aina ya eosinofili hukusanyika puani kwa wingi, kondoo hupiga chafya na kutoa kamasi, na pengine mwitikio huo humtesa kuliko buu mwenyewe. Nzi huyo huweza pia kurusha mabuu katika jicho la mchungaji. Likiwa jekundu ghafla na kuwasha, litazamwe mapema kwa darubini ya macho.

Mgonjwa akija na jipu lenye kitundu kidogo katikati, na akisema anahisi kitu kinatembea, usikimbilie kisu wala antibiotiki. Paka mafuta mazito ya kujipaka yazibe kitundu. Buu akikosa hewa atajitokeza, nawe ubane pande zote mbili taratibu mpaka atoke mzima. Akikatika, mabaki yake huzidisha uvimbe. Safisha jeraha, ukague kama mgonjwa amepata chanjo ya pepopunda. Antibiotiki ni kwa jeraha lililoingiliwa na bakteria.

Nguo na nepi zianikwe juani kwenye kamba, zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote, mishono ikiwemo. Mahali anapolala mbwa pafagiliwe mara kwa mara, na matandiko yake yabadilishwe. Mama anapoleta mtoto mwenye majipu ya namna hii, muulize nepi huanikwa wapi, na kama nyumbani kuna watoto wa mbwa.