SOMO: VIATU VYA SAFARI YA PIKIPIKI



Katika inchi yetu kazi nyingi za afya zinafanyika juu ya piki. Chanjo inafika kijijini kwa piki. Mama mwenye uchungu wa kuzaa analetwa lopitali kwa piki. Mchungaji, mwalimu, mfanya biashara, wote wanapanda piki. Watu wanajua kutazama mapira, mafuta na mnyororo kabla ya kuondoka. Lakini wachache wanatazama miguu yao. Somo hili ni juu ya kiatu: namna gani ya kukichagua, kukijaribu na kukitunza, ili mtu aende safari ya mbali na kurudi na miguu mizima.

1. WAGANGA WAWILI

Tufikiri juu ya waganga wawili wa vituo vya afya. Wote wawili wanatumwa kuchukua chanjo mbali, wakati wa mvua.

Wa kwanza alivaa kambambili. Alisema, «Joto ni kali, na buti ni bei.» Katika matope piki ilianguka upande wa kuume, na bomba la moshi likalala juu ya mguu wake. Aliinuka, akapaka dawa ya meno juu ya kidonda, akaendelea. Baada ya siku tano mguu ulivimba na kutoa usaha. Alikaa wiki sita bila kupanda piki. Katika wiki hizo watoto wa vijiji vyake hawakupata chanjo.

Wa pili alikuwa na akili zaidi. Aliazima buti za kauchu, zile za shamba, zinazofika karibu na goti. Lakini zilikuwa kubwa. Mguu wake ulicheza ndani. Alipotaka kubadili vitesi, ncha ya buti ilikwama chini ya chuma, na piki ikaingia mtaroni. Hakuvunjika, asifiwe Mungu. Lakini maji yaliingia kwa juu, na kwa siku tatu alivaa buti zile zile na soksi zile zile. Alipozivua, ngozi ilikuwa nyeupe, yenye mikunjo, na kati ya vidole imepasuka.

Wa kwanza hakuwa na kiatu. Wa pili alikuwa na kiatu kisichomfaa. Wote wawili walifika kwetu na miguu mibaya. Basi haitoshi kuuliza, «Uko na buti?» Inapasa kuuliza, «Buti hii inafaa mguu wako, piki yako, na njia yako?»

2. KIATU KINA KAZI TATU

Kazi ya kwanza: kukinga. Mguu wa mpanda piki uko karibu na mawe, vijiti, na moto wa motere. Maji ya moto wa digrii 60 yanaweza kuunguza ngozi vibaya katika sekunde chache tu, na bomba la piki iliyotembea lina moto kuliko hayo. Tena piki ikianguka, uzito wake unaangukia mara nyingi kifundo cha mguu. Kwa hiyo kiatu kifupi hakitoshi. Kinapasa kufunika kifundo chote, na vizuri zaidi kipande cha muundi. Ukibana kifundo kwa vidole vyako juu ya kiatu, usisikie mfupa kirahisi. Ukisikia mfupa, jiwe nalo litausikia.

Kazi ya pili: kuzuia maji. Mguu uliolowa saa nyingi unakuwa baridi na mzito, hausikii vema chuma cha freni. Ngozi iliyolowa inapasuka, na katika ule mpasuko vijidudu vinaingia. Watu wa Lubero na Butembo wanajua baridi ya asubuhi milimani. Mguu wenye maji pale ni mateso. Watu wa Mambasa wanajua matope ya msituni.

Kazi ya tatu: kuuacha mguu ufanye kazi. Mguu wa kushoto unabadili vitesi, wa kuume unakanyaga freni. Kiatu kigumu kama ubao, au chenye soli nene sana, kinakuzuia kusikia. Kukawia kidogo tu juu ya freni kunaweza kuleta ajali.

Kiatu kizuri kinafanya kazi zote tatu. Kikifanya mbili tu, ujue ni ipi inayokosa, na uwe mwangalifu kwa hiyo.

3. AINA ZA VIATU TUNAVYOONA SOKONI

Kambambili na sandali. Hazikingi kitu. Usiendeshe piki nazo, hata safari fupi ya kwenda kuchota maji.

Viatu vya michezo. Ni vyepesi, lakini vinaacha kifundo wazi na vinakunywa maji kama sifongo. Ni bora kuliko kambambili, basi.

Buti za kauchu. Maji hayapiti kabisa kama hazijatoboka, na bei yake si kali sana. Lakini ubaya wake ni mbili. Jasho linabaki ndani, na kwa sababu hiyo mguu unaweza kulowa hata siku ya jua. Tena kauchu laini haikingi mfupa, na ikigusa bomba la moto inayeyuka. Kama huna nyingine, chagua zenye kipimo chako kabisa, vaa soksi nene, na chukua soksi kavu mfukoni.

Buti za ngozi za kazi, kama za askari au mafundi. Kwa watu wengi hizi ndizo za kufaa. Zinakinga kifundo, zinadumu, na ngozi inaacha jasho litoke kidogo. Tazama mshono: ulimi wa mbele ushonwe na kiatu pande zote mbili mpaka juu, maana maji huingia kwanza pale. Zile zenye chuma juu ya vidole ni nzuri kwa mawe, kama yale makali ya volkano pale Goma, lakini jaribu kwanza kama zinapita chini ya chuma cha vitesi.

Buti zilizotengenezwa kwa ajili ya piki. Zina vikingio vigumu kwa kifundo na muundi, na nyingine zina kitambaa chembamba ndani kinachozuia maji lakini kinaacha mvuke wa jasho utoke. Ni nzuri sana, na ni bei kali. Mara nyingine zinapatikana katika mitumba. Zikunje, zitazame kama soli haijaachana na ngozi.

4. NAMNA GANI YA KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Usinunue kwa macho. Fanya hivi:

a) Nenda jioni. Miguu huvimba kidogo mchana. Kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi.

b) Vaa soksi zile utakazovaa safarini. Jaribu miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Fuata ule mkubwa.

c) Simama. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole cha mkono. Vidole vicheze. Kisigino kisipande unapotembea; kikipanda, kitakuletea malengelenge.

d) Tembea dakika kumi. Mahali panapouma kidogo sokoni patauma sana njiani. Usikubali mwuzaji akikuambia, «Kitalegea tu, papa.» Ngozi hulegea kidogo, lakini kiatu kifupi hakirefuki.

e) Panda juu ya piki. Hapo watu wengi wanasahau. Piki ikiwa imezimwa, weka mguu wa kushoto chini ya chuma cha vitesi, pandisha, shusha, mara kumi. Kanyaga freni kwa mguu wa kuume. Soli isiteleze. Kisigino kiwe na kidato, ili mguu usipite mbele ya kikanyagio.

f) Tazama kamba. Kamba ndefu inaweza kushikwa na chuma cha vitesi au mnyororo, na mtu anaanguka wakati anataka kutua mguu. Funga, kiisha ingiza ncha ndani ya buti.

g) Jaribu maji. Nyumbani tia karatasi kavu ndani ya kiatu, ukisimamishe katika beseni yenye maji mpaka kwenye kifundo, ungojee robo saa. Karatasi ikilowa, ujue mahali pa kutengeneza kabla mvua haijakuonyesha. Kwa buti ya kauchu, ingiza tochi ndani wakati wa usiku; tundu litaonekana kama nyota.

5. KUTUNZA KIATU NA MGUU

Ukifika, osha matope. Jaza kiatu na karatasi au kitambaa kikavu, ukibadili kikilowa. Anika mahali pa upepo, kivulini. Usiweke karibu na moto! Ngozi inayokaushwa na moto inapasuka, na gundi ya soli inaachia. Kikikauka, paka mafuta ya viatu. Wazee walitumia nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya nyama, na inafanya kazi hata leo. Sugua zaidi juu ya mishono. Buti ya kauchu iliyotoboka, fundi wa mapira anaweza kuibandika kama anavyobandika gurudumu.

Mvua ikinyesha, suruali ya mvua ikae nje ya buti, isiingie ndani. Ukiingiza suruali ndani, maji yote ya miguu yanashuka ndani kama katika ndoo.

Kila jioni vua viatu, osha miguu, kausha hata kati ya vidole, vaa soksi nyingine. Usiku acha miguu ipate hewa. Asubuhi kung'uta buti kabla ya kuvaa, maana nge na nyoka wadogo wanapenda nyumba ya giza.

Neno kwa wenye ugonjwa wa sukari na wale waliougua ukoma: mguu wenu unaweza kuumia bila ninyi kusikia. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani mtafute jiwe au msumari. Jioni tazameni nyayo, au mwombeni mtu wa nyumbani atazame. Kidonda kidogo, njoni siku ile ile.

6. KAMA UMEUMIA

Kuungua na bomba: mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, matope wala majani. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi, njoo kituoni. Uliza kama chanjo yako ya pepopunda ingali nzuri.

Ngozi nyeupe na mguu uliokufa ganzi kwa sababu ya maji: vua, kausha polepole, inua miguu, pumzika. Usisugue, usiweke kwenye moto.

Kuvu kati ya vidole: kukausha ndiyo dawa ya kwanza. Kiisha omba kwetu mafuta ya Whitfield, uendelee kupaka kama ulivyoambiwa, hata kama kuwasha kumekwisha.

Kifundo kimepinda au hakiwezi kukanyaga: usivute buti kwa nguvu. Legeza kamba, funga mguu na vijiti viwili au mto, mlete mgonjwa. Kama vidole vinakuwa baridi, vyeupe, au havisikii, ni jambo la haraka sana.

7. USISAHAU ABIRIA

Dereva mwenye buti nzuri anabeba mama mwenye miguu wazi, na mtoto nyuma yake. Miguu ya mtoto inaingia katika waya za gurudumu la nyuma, na kisigino kinachanika. Mguu wa mama unagusa bomba akipanda. Basi, kabla ya kuwasha motere, mwonyeshe mama bomba liko upande gani, apande upande mwingine. Mtoto avae viatu, na miguu yake iwe mbali na gurudumu. Kama haifiki mahali pa kukanyagia, yeye si abiria wa piki bado.

Buti nzuri ni bei, ni kweli. Lakini hesabu: wiki sita bila kazi, dawa, safari za kufungwa kidonda, na wale waliokungojea kijijini. Utaona kwamba kambambili ndizo zilizo bei kuliko zote. Mungu ametupa miguu miwili tu, na sokoni haiuzwi mingine.

MAULIZO

1. Kwa nini mganga wa pili alipata taabu, na alikuwa na buti?
2. Taja kazi tatu za kiatu cha piki. Kiatu chako kinafanya ngapi?
3. Kwa nini inafaa kupanda juu ya piki kabla ya kununua buti?
4. Kwa nini ni vibaya kukausha buti karibu na moto?
5. Mtu ameungua na bomba sasa hivi. Utafanya nini kwanza?
6. Jioni hii vua viatu, utazame miguu yako. Umeona nini?