Taa Zilizofichwa Kwenye Ngazi za Zege

Somo la mwezi huu ni la kazi ya mikono. Familia kadhaa zilizojenga kwenye mteremko zimetuuliza jinsi tulivyoweka taa za mkanda za LED kwenye ngazi za kanisa, maana zinaangaza na taa yenyewe haionekani. Tutaeleza yote, pamoja na kosa letu la kwanza, kwa sababu kosa hilo lilimwumiza mtu.

Mnajua kwamba hapa Nakivale giza linaingia karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Kwaya na watu wa maombi hutoka saa tatu. Ngazi yetu ina vidato sita. Mara ya kwanza tulibandika mkanda kwa gundi iliyokuja nao, juu ya zege lenye vumbi. Siku ile ilipendeza sana. Mvua za Machi zilipokuja, taa za vidato viwili vya chini zikazimika. Tukasema, "Vinne bado vinawaka, tutatengeneza mwezi ujao." Usiku mmoja mama yetu mzee alishuka akifuata mwanga. Pale mwanga ulipokoma akadhani amefika chini. Alivunjika mkono.

Hapo tulijifunza jambo ambalo tunataka mlishike kuliko mengine yote. Ngazi yenye giza tupu watu huishuka polepole, wakipapasa kwa mguu. Ngazi iliyowaka nusu watu huiamini, na ndiyo inayoangusha. Basi, kidato kimoja kikizimika, zimeni vyote siku hiyohiyo, watu watumie tochi mpaka kitengenezwe.

Kwa nini taa ifichwe?

Taa inayotazama macho humpofusha mtu anayepanda, asione anapokanyaga. Taa ikiwekwa chini ya ukingo wa kidato na kutazama chini, mwanga huanguka juu ya kidato kinachofuata, nao mguu unaona pa kukanyaga. Tena mvua haiipigi moja kwa moja, na viatu haviigusi. Chagueni mwanga wa manjano kidogo, maana ule mweupe sana huvuta wadudu wengi zaidi.

Hesabu kabla ya kununua

Tulitumia mkanda wa volti 12 wenye taa 60 kwa kila mita, unaokula wati 4.8 kwa mita. Soma wati kwenye boksi, kwa kuwa iko mikanda inayokula mara tatu ya hiyo. Kila kidato tulikipa mita 1, jumla mita 6.

Mita 6 mara wati 4.8 ni wati 28.8. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 2.4. Kwa saa 3 za kila usiku ni ampea-saa 7.2. Tukitaka taa ziwake usiku mbili hata kama jua halikutoka, tunahitaji 14.4. Betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tuizidishe mara mbili: karibu 29. Betri ya ampea-saa 35 inatosha, pamoja na paneli ya wati 50.

Nunua mkanda ulio ndani ya mpira wa silikoni, wenye alama IP67. Ule ulio wazi ni wa ndani ya nyumba.

Hatua za kazi

1. Zege jipya liacheni likauke siku 28 kwanza. Zege la zamani lisugueni kwa brashi ya chuma, mlioshe, mlingoje likauke kabisa.

2. Kwenye uso wa mbele wa kila kidato, sentimita 3 chini ya ukingo, kateni mfereji wenye upana wa sentimita 2.5 na kina cha sentimita 1.5. Msizidishe kina, msije mkafikia nondo. Sakafu ya mfereji iinamie nje kidogo ili maji yasisimame. Anayekata avae miwani na afunike pua, maana vumbi la zege huharibu mapafu.

3. Ndani ya mfereji fungeni pembe ya alumini ya sentimita 1.5 kwa skrubu. Upande mmoja ulale nyuma, mwingine juu. Mkanda unabandikwa chini ya upande wa juu, ukitazama chini. Alumini huondoa joto, na siku ya matengenezo mnafungua skrubu tu, bila kuvunja kitu.

4. Kateni mkanda kwenye alama ya mkasi peke yake. Ukikata pengine, taa za kipande hicho haziwaki.

5. Unganisheni waya kwa lehemu, mkiangalia alama za + na −. Kisha zibeni ncha zote mbili kwa kifuniko na silikoni. Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza: mkanda unapokatwa, mpira wake umefunguka, na maji yanaingia pale. Msitumie silikoni inayonuka kama siki, kwa sababu asidi yake hula shaba.

6. Pitisheni waya mkuu wa milimita 2.5 za mraba ndani ya bomba la plastiki kando ya ngazi, na kila kidato kichukue umeme wake kutoka humo. Msiunge kidato kwa kidato kama mnyororo, kwani vya mwisho vitafifia. Waya unapoingia kwenye kidato, uacheni uning'inie kidogo kama shingo ya bata, ili maji yadondoke pale chini yasifuate waya hadi kwenye taa.

7. Karibu na betri wekeni fyuzi ya ampea 5. Msiunge taa moja kwa moja kwenye betri. Zipitisheni kwenye kontrola ya sola, ambayo huzikata betri inapoisha. Kontrola nyingi zinaweza pia kuwasha zenyewe jua linapozama.

Kabla ya kusema kazi imekwisha, washeni saa 3 mfululizo, mwagieni ngazi maji kwa ndoo, na kesho yake washeni tena.

Utunzaji

Tumewapa vijana wawili kazi ya kuwasha taa kila Jumamosi jioni na kuhesabu vidato kwa sauti, kimoja hadi sita. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Kabla ya mvua za Machi na za Septemba wanafungua kila kiungo na kukikagua.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika nyumba yenu, ni nani anayetembea usiku kwa shida zaidi, na anapita wapi?
2. Taa ikizimika, nani amepewa kazi ya kuiona?
3. Ni kitu gani kingine tunachokiacha kifanye kazi nusu, huku wengine wakikiamini?

Mama yetu amepona, na sasa anashuka ngazi ile ile. Lakini bado anapapasa kwa mguu kwenye kile kidato cha tano. Sisi tuliosema "mwezi ujao" tunamwona kila mara, na hatumwambii aache.