Unadhifu na Raha ya Kunyonyesha: Kijitabu kwa Nyumba za Kianjai

Aghalabu mama aliyejifungua mara ya kwanza hudhani kwamba unadhifu wa kunyonyesha ni kuosha matiti kwa sabuni kila mtoto aliapo, na asipopata wasaa wa kufanya hivyo hujiona mzembe mbele ya mama mkwe na majirani. Ilhali lile duara jeusi lililozunguka chuchu limejaa vijitundu vitoavyo mafuta ya kuilainisha ngozi na kuihifadhi, na sabuni ya kila saa huyaondoa mafuta hayo, ngozi ikakauka, ikapasuka, na kunyonyesha kukageuka adhabu. Matiti yatosha kuoshwa kwa maji matupu wakati wa kuoga. Vinavyotaka kusafishwa daima ni mikono, vitambaa na vikombe.

Mikono na nguo

Hapa Kianjai, ambapo riziki ya nyumba nyingi hutoka katika miraa, mama atokaye kuchuma, au kufunga vifurushi kwa majani ya mgomba, huwa na utomvu na vumbi viganjani, na pengine mabaki ya dawa ya wadudu. Basi kabla ya kumpakata mtoto na anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na aivue nguo ya shambani. Kadhalika, maadamu ananyonyesha, ajiepushe kutafuna miraa, kwani nguvu yake hupita katika maziwa ikamfikia mtoto.

Kukaa na kumpakata mtoto

Mama akae penye egemeo la mgongo, ainue mkono kwa mto au leso iliyokunjwa, kisha amlete mtoto kwenye titi, asiliinamishe titi kumfuata mtoto. Kinywa kikiwa wazi sana, mdomo wa chini umepinduka nje, na kidevu kimegusa titi, mtoto ameshika sawasawa. Akishika ncha ya chuchu peke yake, mama ataumia na maziwa hayatatoka ipasavyo. Hapo asimvute kwa nguvu, bali apenyeze kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa mpaka mtoto aachie, aanze tena. Chuchu iliyochubuka ipakwe matone machache ya maziwa ya mwisho, na iachwe ikauke kwa hewa.

Maziwa yanayovuja

Si aibu wala maradhi titi moja kutiririka wakati mtoto yuko kwenye jingine, au mama anaposikia tu kilio. Njia ya kuzuia ni kuliegemezea titi kiganja au kigasha cha mkono kwa kitambo kidogo, na kuweka ndani ya sidiria kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kibadilishwe kila kinapolowa, kwa sababu unyevu hulainisha ngozi kupita kiasi na kukaribisha ukungu. Vitambaa vifuliwe, visuuzwe vizuri, vianikwe juani. Mtoto amalizapo, aegemezwe begani penye kitambaa safi na kupapaswa mgongo hadi acheue.

Sitara sokoni na kazini

Kwa mama auzaye sokoni, leso moja hufungwa shingoni ikashuka mpaka kiunoni, naye hupata sitara bila kumfunika mtoto uso akakosa hewa; blauzi yenye vifungo mbele humrahisishia zaidi. Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imemtaka mwajiri aandae mahali pa faragha pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, pasipokuwa chooni, na kumpa mama mapumziko kwa ajili hiyo.

Maziwa yaliyokamuliwa yawekwe katika chombo chenye kifuniko kilichooshwa na kuchemshwa: yatadumu saa 4 mahali penye kivuli, na hata siku 4 ndani ya friji. Yapashwe kwa kuweka chombo katika bakuli la maji ya moto, wala si juu ya meko, na mtoto anyweshwe kwa kikombe, ambacho huoshwa kwa wepesi kuliko chupa yenye chuchu ya mpira.

Wakati wa kwenda kliniki

Titi likiwa gumu, jekundu na lenye joto, pamoja na homa, mama asiache kunyonyesha, bali aende upesi kwenye zahanati au hospitali ya Miathene, maana maziwa yaliyozuiliwa huweza kuleta jipu. Mama aishiye na virusi vya Ukimwi anyonyeshe kwa kufuata maagizo ya kliniki, akitumia dawa zake pasipo kukosa.

Wajibu wa watu wa nyumbani

Miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji maji wala uji, ila maziwa ya mama na dawa alizoandikiwa. Baada ya hapo huanza chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Lakini mikono haioshwi wala vitambaa havifuliwi bila maji, na mama aliyeamka usiku kucha hawezi kuyateka peke yake. Basi baba ajaze mtungi kabla ya kutoka asubuhi, nyanya apokee mtoto akishashiba, na aliye na nguvu afue vitambaa. Kwani kumsifu mama kwa unadhifu huku ameachiwa kazi zote ni kumtwika mzigo na kumwita mvivu akichoka.