Madoa kwenye keni na sufuria za maziwa: yanatoka wapi na yanaondokaje

Kuna swali naletewa mara kwa mara na vijana wanaouza maziwa: "Mtaalamu, ng'ombe wangu hawaumwi, nakamua kwa usafi, mbona maziwa yanarudishwa kituoni?" Wengi wanategemea nianze na ugonjwa wa kiwele au chakula. Siku hizi mimi naanza na chombo. Nasema, lete keni nione.

Kijana mmoja ana ng'ombe wanne. Maziwa ya asubuhi yanapokelewa bila maneno. Ya jioni analaza kwenye keni ndani ya beseni la maji baridi, akiyafikisha kituoni alfajiri yanaganda kwenye kipimo cha alkoholi. Mnakijua kile kipimo: maziwa kidogo na alkoholi kiasi kilekile, vikichanganywa vikatoa chembechembe, unarudi na maziwa yako nyumbani. Lita kumi na tano leo, lita kumi na tano keshokutwa, hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Niliingiza mkono ndani ya keni yake, nikakwangua kwa ukucha pale shingoni, mahali mkono wa kuoshea hauendi vizuri. Nikatoka na kitu cha rangi ya njano iliyofifia, kigumu, kama chokaa. Na keni inaoshwa kila siku, tena kwa sabuni na kwa bidii. Yeye alidhani ni rangi tu ya keni kuukuu.

Ule ndio utando tunaouita jiwe la maziwa. Ni madini ya kalsiamu yaliyomo kwenye maziwa na kwenye maji magumu, yakishikana na protini na mafuta yaliyobaki. Ukikauka leo kidogo, kesho kidogo, unakuwa ukuta. Bakteria wanakaa ndani ya ukuta huo, sabuni inapita juu yao. Ukimimina maziwa yenye joto la ng'ombe wanaamka na kula usiku kucha. Maziwa ya asubuhi yanapona kwa sababu yanawahi kituoni.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nguvu bure. Madoa si ya aina moja, na dawa haiwezi kuwa moja. Mafuta yanaondoka kwa sabuni na maji ya moto. Protini inaondoka kwa maji ya vuguvugu, tena mapema kabla haijakauka. Ukianza na maji yanayochemka unaipika palepale kwenye chuma, kama yai linavyoshika kikaangio. Madini hayajali sabuni hata kidogo. Hayo yanataka kitu kikali chenye uchachu: siki, ndimu, limao.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Ukishamimina maziwa tu, suuza keni kwa maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida. Usiiache mpaka jioni. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni ya maji, kwa brashi yenye mpini inayofika shingoni, chini ya mfuniko na kwenye kona za kitako. Suuza tena. Igeuze kichwa chini kwenye kichanja juani, usiiweke sakafuni, na usiikaushe kwa kitambaa kilekile kinachofuta meza na kiwele. Kabla ya kukamua, mwagia maji yaliyochemka, yazungushe, yamwage.

Mara moja kwa wiki ongeza hatua ya siki: kipimo kimoja cha siki kwa vipimo vitatu vya maji ya moto kiasi, paka au jaza sehemu yenye utando, acha nusu saa, piga brashi, suuza sana. Kwa utando wa miezi utarudia mara mbili tatu. Walioko Dodoma na kwingine kwenye maji ya visima yenye chokaa, ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, msisubiri wiki iishe. Fanyeni kila baada ya siku tatu nne.

Tahadhari moja ambayo siiachi hata siku moja: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiichanganye na siki wala ndimu. Inatoa gesi inayochoma mapafu. Na hata ikiwa peke yake, ukiilaza ndani ya keni usiku mzima inakula chuma, kile kisichoshika kutu pia, unaanza kuona vitobo vidogo na madoa ya kahawia. Kama unaitumia kuua vijidudu, fuata kipimo cha kwenye chupa, dakika chache, kisha suuza.

Tuje kwenye sufuria, hasa nyie wa mtindi na wa sosi ya nyanya. Sufuria nyingi za kwetu ni za alumini. Alumini haipatani na magadi, na haipatani kabisa na soda ya kutengenezea sabuni. Inageuka nyeusi, na ile soda kali inaila inayeyuka. Weusi wa ndani unautoa kwa kuchemsha maji yenye ukwaju au vipande vya limao, dakika kumi au kumi na tano, halafu unasugua kwa dodoki. Umeshaona sufuria nyeusi ikipikiwa nyanya inavyotoka inang'aa? Watu wanafurahi. Ule weusi haukupotea jamani, umeingia kwenye sosi. Ndiyo maana kwa biashara ya nyanya, achari au mtindi nashauri chuma kisichoshika kutu, hata kama utaanza na sufuria moja tu. Bei yake inauma, najua. Kama bado una alumini, angalau usilaze ndani yake kitu chenye uchachu.

Waya wa kusugulia uacheni kwa masizi ya nje. Ndani ya chombo cha maziwa unachora mikwaruzo ambayo ni nyumba mpya ya bakteria, na vipande vya waya vinabaki na kuota kutu. Hii ndiyo sababu pia sipendi madumu ya plastiki: yanachubuka upesi, mdomo mwembamba, mkono hauingii, harufu haitoki.

Maziwa yakishika chini, usikwangue kwa kisu. Jaza maji na sabuni, yapashe moto taratibu, yaache yapoe humo, ukoko utavimba na kuachia wenyewe. Kwa chuma kisichoshika kutu unaweza kuongeza magadi kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Ila bora yasishike. Suuza sufuria kwa maji baridi kabla ya kumimina maziwa, tumia moto mdogo, koroga. Wa mtindi wekeni sufuria ya maziwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji: maziwa yatafika nyuzi 85 na kukaa hapo nusu saa bila kuungua, na mtindi hautanuka moshi.

Masizi ya nje hayaharibu maziwa, lakini yanachafua mikono inayorudi kwenye maziwa. Mama zetu walishamaliza hili zamani: paka kitako sabuni ya kipande au tope la majivu kabla ya kubandika kwenye kuni. Ukiepua, masizi yanaondoka na maji.

Mwisho, mnaonunua keni zilizotumika: mulika tochi ndani, pitisha kidole kwenye kila kiungo. Kama kiungo kimechomelewa vibaya na kina nyufa, hakuna siki itakayofika mle. Hiyo usiinunue hata kwa nusu bei. Yule kijana wa ng'ombe wanne keni yake ilikuwa nzima, ilisafishwa siku mbili mfululizo kwa siki, na siku ya tatu maziwa ya jioni yalipokelewa.