Jumanne au Jumatano: Kupanga Siku ya Timu Garissa

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja hapa Garissa ilimleta mwezeshaji kutoka Nairobi. Alishuka na gari limejaa kamba, maputo na vitambaa vya kufunga macho. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa pili, saa tano asubuhi, uwanjani, jua limesimama. Mchezo wa kwanza: kila mtu amshike mkono aliye mbele yake, wote wajisokote wawe fundo moja, kisha wajifungue bila kuachiana. Wanawake walivuta mitandio wakaangaliana. Mzee wa uhasibu alikwenda kukaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akajifanya anapokea simu. Vijana wawili walikuwa wamefunga sunna, hata maji hawakuweza kunywa. Saa sita u nusu adhana ikalia, nusu ya timu ikaenda msikitini, na nusu iliyobaki ikaendelea kupuliza maputo. Barua ya kumwalika yule mwezeshaji niliiandika mimi.

Tangu hapo sianzi na michezo. Naanza na kalenda ya ukutani, nafuta siku moja moja. Ijumaa inaondoka yenyewe kwa sababu ya swala. Jumapili ni kanisa. Jumamosi wengi huitaja kwanza kwa kuwa ofisi zimefungwa, lakini katika timu ya watu ishirini mara nyingi hukosi Msabato mmoja, naye hatakuambia. Atasema tu ana udhuru. Tena ile ndiyo siku ambayo mama aliyeshinda kazini wiki nzima anafua na kukaa na watoto wake, na ukimtoa nyumbani atakuja na uso wa kukusaidia. Jumatatu na Alhamisi ni siku za funga ya sunna, na katika mji huu wanaofunga si wachache. Zimebaki Jumanne na Jumatano. Bosi akisema siku za kazi haziguswi, mwulize kama hili analolipanga ni kazi au si kazi.

Mwezi nao una mambo yake. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka juzi. Ndani ya Ramadhani usipange kitu chochote cha mchana. Ofisi ikitaka kukaa pamoja mwezi huo, ifuturishe: mkeka, tende, maji, sambusa, uji, na wasio Waislamu waalikwe kama wageni wa heshima. Nimeona futari moja ikifanya kazi ambayo semina tatu zilishindwa. Baada ya Idi, wapishe wanaofunga siku sita za Shawali.

Halafu mvua. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika ukaikata barabara kati ya Madogo, ng'ambo ya mto, na mjini. Aliyekuwa amelipa ukumbi Mwingi alibaki upande huu akiyatazama maji. Januari hadi Machi kumekauka na joto linapasua kichwa. Mimi hupenda Juni hadi Agosti, wakati upepo unavuma na asubuhi mtu anaweza kukaa nje bila kujipepea kwa karatasi ya ratiba.

Saa ya kuanza ni saa moja asubuhi, watu wakutane kwenye chai. Shughuli za miguu ziishe kabla ya saa nne. Baada ya hapo ni kivuli, mazungumzo na michezo ya kukaa, mpaka adhuhuri. Mkeka wa kuswalia uwepo, birika za kutawadhia ziwepo, sehemu ya wanawake itengwe kwa pazia, na ratiba iandikwe “swala na mapumziko”, isiandikwe mapumziko tu halafu watu waanze kuulizana. Baada ya swala ni chakula, na baada ya chakula watu waende nyumbani. Ndiyo, saa nane. Ratiba za kutwa nzima zinaonekana vizuri kwenye ripoti, lakini hapa mjini ikishafika alasiri kuna wanaume ambao miili yao ipo kwako na roho zao zinasubiri gari la miraa kutoka Meru. Usishindane na gari hilo.

Kuhusu mahali, ubishi hauishi. Kila ofisi ina watu wanaotaka Naivasha au Mombasa, na sababu wanayoitoa ni kubadilisha hewa. Sababu yenyewe ni posho ya kulala nje. Posho si dhambi, watu wana karo za kulipa, ila tuseme ukweli ili hesabu ifanyike vizuri. Safari ya Nairobi tu, kabla ya kufika Naivasha, ni kilomita 370 hivi, siku nzima imekwisha njiani kwenda na nyingine kurudi. Kuna vizuizi ambapo abiria hushuka na kupanga foleni kuonyesha kitambulisho, na mwenzenu ambaye kitambulisho chake bado kinashughulikiwa atashushwa mbele ya timu mnayodai mnaijenga. Tena wanaosafiri ni wale wenye vyeo. Dereva atakwenda kwa sababu ndiye anayeendesha. Mama wa chai na mlinzi hawatakwenda. Mkisafiri, safirini, lakini msiite siku ya timu.

Hapa nyumbani tuna mashamba kandokando ya Tana, yenye miembe, migomba na mipapai. Tafuta shamba lenye miembe mikubwa, zungumza na mwenyewe, mlipe kwa siku, naye afagie chini ya miti na kumwagia maji vumbi. Nenda ukalione mwenyewe saa sita mchana, maana kivuli cha asubuhi hudanganya. Uliza choo kiko wapi na kama mlango wake unafungika. Uliza pia habari za mamba na viboko, na umwamini mwenye shamba kuliko macho yako. Sheria ya kwanza mnayoitangaza mkifika: hakuna anayeteremka mtoni, hata kunawa mikono. Anayetaka mandhari mengine aende Bour-Algi, hifadhi ya twiga ya wanavijiji iliyo kilomita chache kusini mwa mji. Twiga hawahitaji mwezeshaji. Watu huanza kuzungumza wenyewe.

Vyovyote itakavyokuwa, polisi wajulishwe mapema, idadi ya magari ijulikane, na kila mtu awe amerudi mjini jua lingali juu.

Sasa michezo, na hapa nitakaa kidogo. Ile ya kushikana, kubebana, kufungana miguu na kuangukia mikononi mwa mwenzako iache. Wengi wetu hatugusani wanaume kwa wanawake, na huwezi kumjengea mtu raha kwa kuanza na kumtia aibu. Kuna sababu nyingine ya kuuacha ule wa kufunga macho na kuanguka ili “kujifunza kuaminiana”. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la abiria lilishambuliwa karibu na El Wak, Mandera, na washambuliaji wakaamuru Waislamu na Wakristo watengane. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi akafariki mwezi uliofuata. Filamu fupi ya Watu Wote ilitokana na tukio hilo. Watu wa eneo hili wanajua kuaminiana kunavyofanana kunapofika wakati wake, na wengine mezani kwako walizika jamaa au walipoteza wanafunzi katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili ya mwaka huohuo. Usiwaangushe kinyumenyume ukawapigia makofi.

Tatizo halisi la ofisi zetu ni jingine, dogo na la kila siku. Wenyeji huzungumza Kisomali kwenye korido, na waliotoka bara wanadhani wanasengenywa. Waliotoka bara nao hula pamoja, huhesabu siku za likizo, na wakirudi huulizwa, “Huko Kenya kukoje?” Kila mmoja hucheka, lakini si kicheko kimoja. Kwa hiyo mchezo mzuri ni ule unaomfanya mwenyeji amhitaji mgeni na mgeni amhitaji mwenyeji, kwa dakika arubaini angalau.

Nilioupenda kuliko yote ni wa mbuzi. Jumatano ndiyo siku ya soko la mifugo Garissa, moja ya masoko makubwa ya mifugo katika Afrika Mashariki. Gawa watu wanne wanne, kila kundi liwe na anayejua Kisomali na asiyejua. Kila kundi lipewe fedha sawa na kazi moja, kununua mbuzi wa chakula cha mchana. Kanuni ni kwamba anayejadili bei ni yule asiyejua Kisomali. Mwenyeji anaruhusiwa kutafsiri tu, haruhusiwi kushauri. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, karani wetu kutoka Kitui alisimama mbele ya mbuzi mweupe mwenye kichwa cheusi, akamshika mgongo kwenye uti, akasema huyu mifupa. Muuzaji akajibu maneno marefu. Mfasiri wake, dada wa masjala aliyezoea kuagizwa majalada na huyohuyo karani, akanyamaza kidogo, akasema, “Anasema mifupa ni yako wewe.” Soko lote likacheka na karani akacheka zaidi. Kundi lao ndilo lililorudi na mbuzi bora.

Lipatie kila kundi dalali anayejulikana sokoni, kwa sababu yeye ndiye dhamana kwamba mnyama hakuibwa, na mlipe haki yake. Nendeni asubuhi mapema kabla vumbi halijapanda. Mshindi aamuliwe na mpishi akishachuna, si na bosi. Sikukuu ya kuchinja ikikaribia usijaribu, maana bei hupanda na hakuna muuzaji mwenye muda na mchezo wenu.

Kama ni Jumanne, au kama timu ina wajawazito na wazee, kaeni chini ya mwembe mcheze shax, mchezo wa kete wa Kisomali. Watu wa bara wakiona wazee wameinama juu ya mchanga hudhani wanapanga mahari. Chora miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, kisha unganisha katikati ya kila upande kwa mstari. Makutano yatakuwa 24. Kila upande una kete 12, huyu kokoto na yule vijiti. Hupangwa zote mpaka ubao ujae, halafu ndipo kuliwa na kusogezana kunaanza, na anayepanga tatu kwenye mstari anakula kete ya mwenzake. Chezeni wawili kwa wawili, mwenyeji na mgeni, na pasiwe na mkono unaogusa kete kabla wote wawili hawajakubaliana. Mtasikia mengi. Bosi akae na mwanafunzi wa mafunzo kazini, na mwanafunzi ndiye awe na neno la mwisho.

Makundi usiyaache yajipange yenyewe. Yakijipanga, yatajipanga kwa ukoo upande mmoja na kwa kabila upande mwingine, na hakuna atakayekiri. Hesabu watu moja, mbili, tatu, nne, kisha waliotaja namba moja waende pamoja. Lakini angalia orodha usiku uliotangulia, ili wawili wenye kesi ya ardhi wasijikute kwenye kundi moja kwa bahati.

Chakula kisikusumbue sana: pilau, nyama ya wale mbuzi, ndizi mbivu pembeni ya wali kama tulivyozoea, tikitimaji. Achinje Mwislamu wa timu yenu, mbele ya wanaotaka kuona. Maziwa ya ngamia yawepo na asiyeyazoea aanze kikombe kidogo, vinginevyo mchana ataujua ule mlango wa choo unavyofungika. Maji weka mara mbili ya ulivyohesabu, pamoja na barafu. Asiwepo wa kukaa meza kuu. Bosi akitaka kusema, aseme dakika tano kabla ya chakula, na asitaje malengo ya robo mwaka.

Mwisho wa siku chukua jambo moja tu lililosemwa chini ya mwembe na lifanyike ndani ya wiki hiyo. Kwetu lilikuwa kwamba mkutano wa Jumatatu uendeshwe kwa Kiswahili, na anayechomeka Kisomali au Kikamba atafsiri papo hapo. Lilitusaidia kuliko maputo.

Na kabla hujatuma tangazo, isome orodha ya majina tena. Dereva yumo? Mama wa chai yumo, kama mgeni si kama mpishi? Mlinzi wa usiku anayetoka zamu saa kumi na mbili asubuhi apewe chai, apelekwe shambani na gari la kwanza, na akitaka kulala kwenye mkeka, aachwe alale.