SOMO LA MWEZI: TAREHE YA MWISHO NI YA NANI?

Mtu akisikia kwamba Serikali imetangaza tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ya leseni za kamari, mara nyingi husema moyoni, "Hayo ni ya matajiri na mawakili wao." Katika somo hili tutaona kwamba sivyo. Tutajifunza kwa mambo yaliyotokea katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 2025.

Kule Marekani kila jimbo lina sheria yake juu ya kamari. Mwaka 2013 wananchi wa New York walipiga kura kubadili Katiba ya jimbo, ili nyumba za kamari, yaani kasino, zisizozidi saba ziruhusiwe. Nne zilipewa leseni kwanza, mbali na Jiji la New York. Tatu zilizosalia zikangoja miaka mingi, na ndizo zilizogombaniwa sana, maana jijini ndiko kwenye watu na fedha. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi ikawa tarehe 27 Juni 2025.

Kabla ya siku hiyo makampuni yalionyesha picha nzuri na kuahidi kazi na bustani. Lakini ahadi ya namna hiyo haimfungi mtu. Siku ya mwisho ndiyo huchuja. Kila mwombaji alipaswa kulipa dola 1,000,000 kwa ajili ya maombi tu, akijua kwamba leseni yenyewe si chini ya dola 500,000,000. Makampuni makubwa mawili, Las Vegas Sands na Wynn, yalijitoa mapema. Maombi yaliyofika ni manane.

Hapa sasa tusimame kidogo, kwa sababu hili ndilo wengi hawalijui. Baada ya tarehe ya waombaji ilikuwapo tarehe nyingine, nayo ilikuwa ya wananchi. Kila ombi liliundiwa kamati ya watu watano au sita, walioteuliwa na viongozi wa mahali pale na wa jimbo. Kamati ilipaswa kuwasikiliza watu hadharani, kisha kupiga kura kabla ya mwezi wa Septemba kwisha. Ombi lisilopata kura nne liliishia hapo hapo, wala halikufika mbele ya bodi ya kuchagua. Basi watu walikuwa na miezi mitatu tu.

Waliitumia. Maombi yote matatu ya Manhattan yalikataliwa, likiwamo lile la Times Square, ambalo wenye majumba ya michezo ya kuigiza walilipinga vikali. La Coney Island nalo likaanguka. Manne yalipita, mmoja wa hao, wa Yonkers, akajitoa mwezi Oktoba, akisema leseni ingekuwa ya miaka 15 badala ya 30 aliyoitarajia. Mwezi Desemba watatu waliobaki wakapewa leseni, wawili Queens na mmoja Bronx. Tuseme kweli: huko Queens pia walikuwapo wakazi waliosimama kupinga, na hawakushinda.

Kwetu Afrika Mashariki tarehe za leseni nazo zina nguvu. Mwaka 2019 leseni za makampuni ya kamari nchini Kenya zilipofika mwisho wake, Serikali ilikataa kuwapa upya makampuni 27. Baadhi yake yalirudi kazini baadaye, lakini kwa muda yalifunga milango.

Mahubiri juu ya kamari tunayo ya kutosha, na ni mema. Ila barua ya Kanisa ikiandikwa baada ya leseni kutolewa, itasomwa na karani na kuwekwa katika faili.

Ya kuzungumza katika vikundi: Je, katika wilaya yetu matangazo ya maombi ya leseni hubandikwa wapi, na nani kati yetu huyasoma? Ikiwa nyumba ya kamari itaombwa karibu na shule yetu, nani atatumwa kuuliza tarehe, na atatuletea habari Jumapili ipi?